Waya Niliouacha Kiberege

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Ifakara. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika, na maji ya uani yamefika ngazi ya pili ya mlango wangu.

Ninaogopa.

Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili. Fundi umeme hasemi anaogopa, maana akisema tu, mteja anampigia fundi mwingine. Lakini hapa siko kwa mteja. Hapa ni pangu, na ninyi wachache mnaopita kusoma mtanivumilia leo. Majina ya watu wengine nimeyabadili. Langu nimeliacha.

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha nne aliniuliza hapa kwenye blogu kama kazi ya umeme inalipa katika mkoa wetu wa Morogoro, na kama mtoto wa kike anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Nilimwahidi jibu refu. Jumanne asubuhi nikakaa kuliandika, tena kwa maringo kidogo, kwa sababu mambo yangu yalikuwa yananinyookea.

Niliandika kwamba kazi ipo, ila haipo kama zamani. Nguzo zilipoanza kuingia vijijini huku bondeni, sisi mafundi tulikula vizuri. Tunalipwa kwa pointi: taa ni pointi, soketi ni pointi, na nyumba ya vyumba vitatu ilitosha kukuweka mjini wiki mbili. Nilikuwa naamka sijui leo nitalala Mbingu au Kiberege. Sasa wengi wenye uwezo wameshafunga umeme, na waliobaki wanasubiri mpunga utoke. Mvua zikianza hivi, simu hainitafuti kabisa. Na mafundi tumeongezeka. Kuna waliotoka vyuoni na vyeti vyao, na kuna waliojifunza kwa kumshikia mtu ngazi. Kampuni zinazojenga laini kubwa zinakuja na watu wao kutoka mjini. Kwa hiyo unampa mteja bei, naye anakujibu kwamba jana kuna kijana amemtajia nusu yake. Unashuka. Na ukishuka, kuna mahali lazima upunguze.

Nilitaka kumalizia kwa habari njema. Kuna kiwanda kipya cha kukoboa mpunga kinaanza upande wa Chita, nao wanatafuta fundi umeme wa kudumu. Mshahara kila mwezi, bima ya matibabu, mafao. Leseni yangu nimeipata mwaka huu baada ya kuisotea, barua yangu imepita, na Jumatatu nina usaili. Waliomba majina ya wateja wawili ambao nyumba zao nilizifunga umeme, ili wakitaka waende kuona. Jina la kwanza nililoandika ni la Mama Benitha wa Kiberege, kwa sababu nyumba yake ilitoka nzuri, paipu za nyaya zimenyooka, swichi zimekaa sawa kama zimepimwa na seremala.

Hapo ndipo simu ilipoita. Alikuwa Mama Benitha mwenyewe.

"Fundi," alisema, "nyumba imeungua."

Nilimuuliza kama kuna mtu. Akasema hakuna aliyekufa. Ilikuwa Jumapili mchana, watoto wako kanisani na baba yao, yeye amewahi kurudi kupika. Limeungua jiko, stoo yenye magunia ya mpunga, na nusu ya paa. Yeye ameungua mkono wa kulia. Nikasikia mdomo wangu unauliza moto ulianzia wapi, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshajua.

"Kwenye soketi ya jikoni. Ile yenye friza."

Sasa niandike lile ambalo nimelizunguka tangu juzi.

Waya wa taa ni mwembamba, waya wa soketi ni mnene. Hilo ni somo la siku ya kwanza, hata asiyejua kusoma analielewa: mzigo mkubwa huupi kamba ndogo. Mwaka jana baada ya mavuno nilipofunga umeme kwa Mama Benitha, waya mnene uliniishia nikiwa nimebakiza soketi moja, hiyo ya jikoni. Ilikuwa alasiri. Kurudi Ifakara dukani kulimaanisha nauli na siku nyingine nzima, na bei tuliyopatana ilikuwa ya kuombana. Kesho yake nilikuwa nasubiriwa Mbingu. Kwenye begi kulikuwa na waya wa taa umebaki. Nikaunga.

Nilijiambia, pale jikoni atachaji simu tu, atasikiliza redio. Nilijiambia nitarudi kubadilisha.

Sikurudi.

Yeye akanunua friza, akaanza kuuza barafu na juisi sokoni. Kisha akaongeza jiko dogo la umeme, vyote kwenye soketi ile ile. Waya mwembamba ukawa unapata moto kidogo kidogo ndani ya ukuta, pale nilipouunga, kila siku. Ile breka niliyoifunga, swichi ya kukata umeme mzigo ukizidi, ilikuwa ya kulinda waya mnene. Haikuona kitu.

Jana Jumatano nilipanda bodaboda kwenda Kiberege. Njia nzima nilikuwa naomba nikute ni kitu kingine: panya wametafuna, mtu ameacha mkaa, radi. Unaweza kuamini? Nilikuwa naomba radi.

Nilimkuta Mama Benitha kwa jirani, amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Ni mwanamke mwenzangu, wa umri wangu, mchangamfu, yule wa kukutania kabla hujashuka kwenye pikipiki. Jana alinyanyuka kunipokea kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikampa pole. Akaipokea, kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimejiandaa kukisikia.

"Nisamehe, fundi. Nimekuharibia kazi yako."

Alinieleza yote taratibu, akiangalia chini. Friza ile mumewe hakuitaka. Alimwambia nyumba yao si ya vitu vikubwa, yeye akakaza, akainunua kwa jasho lake. Sasa mama mkwe anasema tamaa ya mwanamke imechoma nyumba ya mwanawe. Mawifi wamekuja kuona majivu, hawakuingia kumsalimia. Jumamosi kuna kikao cha familia. "Wanasema nirudi kwetu Mahenge nikapumzike," alisema. "Wewe unajua maana ya kupumzika." Watoto wangebaki Kiberege na baba yao.

Watu wa umeme walishafika, wakakata laini, wakaandika kwamba ni hitilafu ya umeme. Mwenyekiti wa kitongoji naye alikuja, akaandika hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hitilafu ya umeme ni neno zuri sana. Halina mwenyewe.

Nilimwomba niingie kuangalia. Niliingia peke yangu. Jikoni kulinuka mpunga ulioungua, harufu fulani kama ya bisi zilizosahaulika motoni. Ukuta umebabuka na paipu imeyeyuka, waya ukawa umening'inia nje, mweusi, mwembamba. Fundi yeyote mwenye macho angeuona akaelewa.

Niliukata. Nikautia mfukoni.

Sikupanga. Mikono ilifanya yenyewe, kama inavyofanya kazi nyingine zote. Kisha nikatoka, nikasema hali si nzuri, nikampa pole tena. Akanisindikiza hadi barabarani, mvua ikianza, akiwa ameninyooshea mwamvuli kwa mkono mzima. Aliniambia wakijenga upya ataniita mimi, hataki fundi mwingine.

Jana sikula.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Mzee Leodgar. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka ile ambayo sikuwa na leseni nilifanya kazi chini ya leseni yake: mimi nafunga, yeye anagonga mhuri kwenye fomu kwamba nyumba ameikagua, tunagawana. Fomu ya nyumba ya Mama Benitha ina mhuri wake. Nilipofika alikuwa barazani, amefungua mota ya pampu, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanivutia kiti. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama. Mpaka ule waya nilioukata nilimweleza.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Aliifuta mikono yake grisi, kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Nyumba ngapi?" aliuliza.

Swali hilo mimi sikuwa nimejiuliza kwa sauti. Nilikuwa nalizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Nikamjibu mbili. Ya Mama Benitha, na ya Mwalimu Kanisius kule Mbingu, ile niliyoikimbilia kesho yake. Huko nako nilikwenda na kilichokuwa kwenye begi, ule waya wa taa. Ilikuwa imebaki soketi moja, chumba wanacholala watoto.

Mzee aliivua miwani. Kisha akaanza kuongea haraka haraka, si kawaida yake. Kwamba Kiberege mambo yameshaandikwa na kufungwa. Kwamba ya Mbingu nikabadilishe kimyakimya, niseme nimepita kukagua. Kwamba nisubiri angalau Jumatatu ipite, nipate kazi kwanza, ndipo nione namna ya kumsaidia yule mama pole pole, mtu mwenye mshahara anaweza kusaidia. Ya kikao cha familia niwaachie wenyewe, mambo ya unyumba hayaingiliwi. Nilimtazama nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi. Ana zaidi ya miaka sitini. Leseni ile ndiyo shamba lake.

Na nikiri: maneno yake yaliniingia vizuri. Yalikuwa ndiyo maneno niliyokwenda kuyatafuta.

Niliaga. Nikawa nimeshafika kwenye mfereji wa barabarani, maji yanapita kwa kasi, natafuta pa kuruka, aliponiita. Alikuwa amenifuata na mvua ile yote, bila koti.

"Skola," alisema. "Ile nyumba mimi sikuwahi kuiona. Niligonga mhuri nikiwa hapa hapa barazani. Kama utasema, sema na hilo."

Akageuka akarudi kwenye mota yake.

Nilitembea hadi nyumbani. Nilitembea makusudi, ili nichelewe kufika. Nilikuwa nawaza kiwanda. Nilikuwa nawaza sare yenye jina langu mfukoni, ukiugua unakwenda hospitali unaonyesha kadi tu. Nawaza kwamba mkoa huu ni mkubwa lakini mafundi tunajuana, na mafundi wa kike tunahesabika kwa vidole. Neno likitoka Kiberege asubuhi, mchana linakunywa chai Ifakara. Watasema, mmeona? Ndiyo maana tulisema wanawake wabaki kwenye cherehani. Nitakuwa nimejifungia mlango mimi, na nitakuwa nimewafungia wengine ambao hata hawajafika mlangoni.

Hofu ina akili sana. Inakuletea sababu za watu wengine, ili usione kwamba ni yako.

Saa tisa nilimpigia Mama Benitha. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nilimwambia friza haikuchoma nyumba. Nilimwambia kuhusu waya, kwa maneno ya kawaida, mwembamba na mnene, kwamba niliishiwa nikaunga, kwamba nilijua. Nilimwambia jana niliukata na ninao hapa. Nikamwambia na habari ya mhuri.

Nilisikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu. Nilidhani simu imekatika, nikamwita.

"Nipo," alisema. Halafu, polepole: "Siku nne hizi ninamwomba Mungu anisamehe, Skola. Siku nne. Na wewe jana ulikaa na mimi pale kwenye benchi."

Kuna pole ambayo haisemeki.

Aliniambia nije Jumamosi. Nikae mbele ya mume wake, mama mkwe wake na mawifi, niseme kama nilivyomwambia yeye, nisipunguze neno. Nikasema nitakuja. Akakata simu bila kuniaga, na sijui kama ataninyooshea tena mwamvuli maisha yake yote.

Kisha nikawapigia wale wa kiwandani. Nilikuwa nimejipanga kusema vizuri lakini nikasema vibaya, nikajikanyaga. Nilimwambia dada aliyepokea kwamba mteja niliyemwandika wa kwanza nyumba yake imeungua, na kosa ni la kwangu, na ningependa wajue kutoka kwangu. Dada yule aliuliza, kwa hiyo unajitoa? Nikasema hapana, sijitoi. Akasema atawaeleza wakubwa, kama usaili upo nitapigiwa. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ile adabu ya kufungia mlango taratibu.

Hilo nimelimaliza. Lakini ninaogopa zaidi kuliko asubuhi, kwa sababu Mwalimu Kanisius hapatikani.

Nimempigia mara saba tangu saa nane. Kwanza simu ilikuwa inaita bila kupokelewa, nikajua yuko darasani. Baadaye ikawa haipatikani. Mvua kama hii mtandao wa Mbingu unakuja na kuondoka. Namba ya mkewe sina. Jirani yake aliyekuwa mteja wangu naye hapatikani. Nimetuma ujumbe: Mwalimu, tafadhali usitumie soketi ya chumba cha watoto, zima breka yake, nitakueleza. Haujafika.

Nakikumbuka chumba kile. Vitanda viwili, kimoja kimeegemea ukuta ule wenye soketi. Mtoto wa mwisho, Deogratias, alikuwa anapenda kunikabidhi skrubu moja moja, ananihesabia. Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu alinitumia salamu za Krismasi, akasema amewanunulia televisheni. Nilimjibu hongera sana. Niliandika hongera, na nilijua imechomekwa wapi.

Nimetafuta gari la kwenda leo. Dereva wa bodaboda ninayemwamini amekataa, amesema barabara ya Mlimba, inayopita Mbingu, kwa mvua hii ni kutafuta kifo, kesho asubuhi ikinyamaza atanichukua. Nimeshafunga begi. Kila sauti ya bati naisikia kama simu.

Binti uliyeniuliza, ukisoma hapa: kazi ipo, na ikikulipa inakulipa vizuri. Lakini siku watakapokushusha bei, usishuke na waya. Ondoka. Uende na njaa nyumbani. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo, au aliniambia nikawa nimeishiwa masikio.

Nimeacha kuandika kidogo.

Saa kumi na mbili kasoro. Mwalimu Kanisius amepiga. Ujumbe umemfikia akiwa njiani kutoka shule, amelowa, ana wasiwasi na sauti iko juu. Nimemwambia asiniulize kwanza, aende kwenye breka na simu mkononi. Nilimsikia anaingia ndani, anavua viatu vyenye tope, anauliza ni ipi. Ya tatu kutoka kushoto, nikamwambia. Nilisikia inavyoshuka, tak. Na nyuma yake, chumbani, watoto watatu wakaanza kulalamika kwa pamoja kwamba baba, televisheni imezimika.

Nilikaa sakafuni.

Nilimweleza yote. Ameniambia kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba kesho nifike, nibadilishe mbele ya macho yake, halafu nisikanyage tena kwake. Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Kesho Mbingu. Jumamosi Kiberege, mbele ya ukoo mzima. Ya Jumatatu siijui. Bado ninaogopa. Ila usiku huu wale watoto watalala, na mimi nitajaribu.